Namna Rubani Anavyopanga Taarifa Kichwani: Mwongozo kwa Wanaojifunza Urubani Unguja na Pemba

Kati ya kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume na kile cha Dar es Salaam pana maili za baharini karibu 40, na ndege ndogo ya aina ya Cessna Caravan huzimaliza kwa dakika 15 hadi 20. Katika muda huo rubani huwa amepaa, amepanda, amebadilisha masafa ya redio, amesikiliza ndege nyingine zilizo jirani, ameanza kushuka na ametua. Mwanafunzi anayekaa pembeni yake kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mtu huyu amejaaliwa kichwa kisichofanana na cha wengine, kinachobeba geji zote, sauti zote na namba zote kwa pamoja. Sivyo. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu karibu saba tu, na baadhi ya watafiti waliomfuatia wameishusha hesabu hiyo hadi vinne hivi. Rubani naye ni binadamu, na hesabu yake ni hiyo hiyo.

Kinachomtofautisha ni mpangilio. Anajua kipi akitazame sasa, kipi akiandike, kipi akikabidhi kwa chombo, na kipi akiache mpaka wakati wake ufike. Kichwa chake amekiwekea kazi moja kubwa, nayo ni kuamua, na kazi ya kuhifadhi ameipeleka kwengine. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuujenga mpangilio huo hatua kwa hatua, kwa mifano ya njia tunazozijua sisi, khasa ile ya Unguja na Pemba. Hauchukui nafasi ya mwalimu wala ya kitabu cha ndege unayoirusha, na pale kitabu kinaposema tofauti, fuata kitabu.

Hatua ya kwanza: Amua ukiwa bado chini

Maamuzi mengi ya safari hayana haja ya kusubiri hewani, ambako kila moja litagombea nafasi na kazi nyingine. Chukua safari ya Pemba: maili za baharini karibu 68 kuelekea kaskazini-mashariki, na muda wa nusu saa hivi. Kabla hujaiendea ndege, kaa na karatasi moja tu, si tatu, na uandike mambo ambayo tayari yanajulikana au yanaweza kukadiriwa.

Anza na upepo. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini na kusini, nayo huitwa 18 au 36 kulingana na upande unaoutumia, ilhali ya Pemba ni 03 au 21. Katika kipindi cha kaskazi mambo ni mepesi, kwa kuwa upepo unakupokea usoni, au karibu na usoni, unapotumia 36 Unguja na 03 Pemba. Kusi kina tabia nyingine. Kwa Unguja utatumia 18 bila tabu, lakini Pemba kusi hukujia ubavuni. Tuseme upepo unatoka nyuzi 150 kwa noti 15 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), nawe unatua njia ya 21, yaani uelekeo wa nyuzi 210. Tofauti ni nyuzi 60. Marubani hutumia kanuni nyepesi ya kukadiria: tofauti ya nyuzi 15, chukua robo ya upepo, nyuzi 30, nusu, nyuzi 45, robo tatu, nyuzi 60 na kuendelea, uhesabu wote. Kwa hiyo karibu noti zote 15 zitakusukuma kutoka kushoto. Hesabu hiyo ikifanywa ofisini inachukua nusu dakika na inakuacha na picha kamili: ubawa wa kushoto utainamishwa, mguu wa kulia utafanya kazi, na kiwango cha upepo wa ubavuni ambacho ndege hii inaruhusu umekwisha kukikagua. Ikifanywa ukiwa futi 800 juu ya mikarafuu, inakula nafasi ambayo macho yanaihitaji.

Jambo la pili ni mipaka. Hapa pana udhaifu wa akili ambao kila rubani anao, awe mgeni au mkongwe: kadiri unavyokaribia unakokwenda, ndivyo unavyozidi kutafuta dalili za kukuruhusu kuendelea na kuzipuuza zile zinazokwambia urudi. Dawa yake ni kuuweka mpaka mapema, kwa namba, na kuuandika. Wakati wa masika andika kwa mfano hivi: nikifika maili 15 kutoka kiwanja cha Pemba na sijaiona nchi kavu, nageuza. Andika pia unageuza kwenda wapi. Unguja iko nyuma yako, na Tanga iko ng'ambo ya mkondo upande wa magharibi, maili kama 45 kutoka Pemba. Mafuta nayo yaandike kwa dakika badala ya lita au ratili, kwa sababu suali utakalojiuliza mvua ikiwa mbele litakuwa juu ya muda: naweza kukaa hewani kwa muda gani kabla ya kugusa akiba isiyoguswa?

Jambo la tatu ni dharura ya kupaa, na hili lisemwe kwa sauti hata kama uko peke yako. Caravan ina injini moja. Ukipaa kwa njia ya 36 una nyumba za mjini mbele yako, na ukipaa kwa 18 una pwani ya Chukwani na bahari, na kisiwa cha Chumbe kikiwa kulia. Sema: injini ikizima kabla ya kuacha ardhi, navuta wenzo wa nguvu na kusimama, ikizima mara baada ya kupaa, nashusha pua, natafuta pa kutua mbele yangu, na sigeuki kurudi kiwanjani. Anayeyasema haya dakika moja kabla ya kupaa huwa ameliweka jibu mahali pa karibu. Asiyeyasema hulazimika kulitunga jibu hilo huku mikono ikitetemeka.

Hatua ya pili: Yape macho njia ya kupita

Geji sita za msingi zimepangwa kwa utaratibu mmoja katika ndege nyingi: juu kushoto kasi, juu katikati upeo bandia, juu kulia mwinuko, chini kushoto geji ya kugeuka, chini katikati uelekeo, na chini kulia geji ya kupanda na kushuka. Kwenye ndege zenye vioo, yaani skrini, badala ya geji utaratibu haukubadilika sana, kwani kasi imebaki kushoto, upeo katikati na mwinuko kulia. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuzizunguka geji kama anayehesabu shanga, moja baada ya nyingine, akizipa zote muda sawa. Fanya upeo bandia uwe nyumbani. Toka hapo uende kwenye kasi, rudi. Nenda kwenye mwinuko, rudi. Nenda kwenye uelekeo, rudi. Upeo bandia unakwambia ndege imekaaje, na nyingine zinakwambia tu kama mkao huo unaleta matokeo unayoyataka.

Kuna tofauti kati ya kutazama na kuona, na hapa ndipo ninapopoteza muda mwingi na wanafunzi. Unaweza kumuuliza mtu aliyetoka kuitazama geji ya mwinuko sasa hivi tuko futi ngapi, naye akashindwa kujibu. Macho yamefika lakini akili haikuuliza kitu. Tiba ni kutaja matarajio kabla ya kutazama: natarajia futi 5,500, natarajia noti 160. Ukifanya hivyo, namba isiyolingana hujitokeza yenyewe. Nahodha mzoefu wa jahazi hakodolei tanga macho safari nzima. Anajua linavyotakiwa kujaa, na likipwaya kidogo tu kwenye ncha amekwisha kushika usukani. Ndivyo unavyotakiwa kuzisoma geji, ukitafuta kinachoachana na matarajio, na mwelekeo wa mshale zaidi ya mahali uliposimama.

Geji za injini na mafuta hazihitaji kutazamwa kila mara, lakini zikiachwa bila ratiba zitasahaulika kabisa. Kumbukumbu ya jambo la kufanywa baadaye ni dhaifu mno, basi usiiamini. Lifunge jambo hilo kwenye tukio ambalo lazima litokee. Kila unapobadilisha masafa ya redio, tazama mafuta, joto la injini na shinikizo la oili. Kila unapovuka pwani, iwe ya kutoka au ya kuingia, fanya vivyo hivyo.

Ukiruka kwa kuona nje, sehemu kubwa ya utazamaji wako iwe nje, kwa sababu ndege ndogo zinazokwenda Pemba, Dar es Salaam na kwengineko hukutana karibu na Unguja, na kioo hakioneshi kila moja. Siku ambayo bahari na mbingu zimekuwa rangi moja, jicho lisilopata kitu cha kukishika hulegea na kulenga mita chache tu mbele, hata ndege ikija huioni mpaka iwe karibu. Kila baada ya sekunde kadhaa lipe jicho kitu cha mbali: wingu lenye ukingo, Mnemba ikiwa kushoto kwako, au jahazi lililo mbali.

Hatua ya tatu: Shika ngazi ya kazi

Mshika mbili moja humponyoka, na katika chumba cha rubani kinachoponyoka mara nyingi ni ndege yenyewe. Ndiyo maana marubani dunia nzima hufundishwa ngazi ya daraja tatu: kwanza irushe ndege, pili ijue njia, tatu ndipo uzungumze. Ngazi hii hujaribiwa zaidi na redio, kwa kuwa sauti ya mtu inadai jibu kwa namna ambayo geji haiwezi. Mnara ukikuita wakati unasawazisha ndege kwenye mwinuko wako, maliza kusawazisha, rekebisha trimu (chombo kinachoupunguzia mkono mzigo wa usukani), kisha jibu. Ukilazimika, waambie wasubiri. Waongoza ndege wamelizoea neno hilo na hawalioni kuwa ni utovu wa adabu.

Hatua ya nne: Toa kichwani kila kinachoweza kukaa mahali pengine

Maelekezo ya mnara huja yakiwa yamefungamana: uelekeo, mwinuko, masafa mapya, wakati mwingine na namba ya mgandamizo wa hewa juu yake. Hivyo ni vitu vinne, na kichwa kimekwisha kujaa. Andika unaposikia, kwa alama zako fupi, halafu warudishie maneno yao ukisoma kutoka kwenye karatasi. Kisha hamisha kila namba kwenye chombo chake: masafa kwenye redio ya akiba, mwinuko kwenye alama ya mwinuko, uelekeo kwenye alama ya uelekeo. Namba iliyokwisha kuingia kwenye chombo haina haja ya kubaki kichwani. Ya mgandamizo iwekwe mara moja, na mkono usiondoke mpaka umeisoma upya, kwa sababu kosa la hektopaskali 10 linaipotosha geji ya mwinuko kwa karibu futi 300.

Ndege yenye otopailoti, yaani mtambo unaoirusha ndege kwa niaba yako, inarahisisha mengi na inaleta kazi nyingine, nayo ni kuhakikisha imefanya ulichoiagiza. Kubonyeza kitufe si ushahidi. Bonyeza, soma juu ya kioo ni hali gani imewaka, kisha tazama kama ndege yenyewe imeanza kufuata. Mambo yakibadilika ghafla karibu na kutua, usiinamie kompyuta kuandika njia mpya huku ardhi inakaribia. Rusha kwa mkono, au tumia uelekeo na mwinuko tu.

Orodha ya ukaguzi ni kumbukumbu nyingine iliyotolewa kichwani. Ilizaliwa baada ya tarehe 30 Oktoba 1935, pale ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilipoanguka muda mfupi baada ya kupaa huko Ohio, Marekani, kwa sababu kufuli la mabapa ya kuongozea halikufunguliwa. Marubani wake hawakuwa wanafunzi. Walikuwa miongoni mwa wenye uzoefu mkubwa. Somo lililotoka hapo ni kwamba ndege imekuwa na mambo mengi kupita kumbukumbu ya mtu mmoja. Kwa hiyo orodha isomwe kwa macho hata kama unaijua kama Alhamdu. Ukikatizwa katikati, weka kidole gumba kwenye mstari uliofikia, na ukikiondoa kwa sababu yoyote, anza upya kutoka juu. Kukisia kwamba nadhani nilifika kwenye flapu (mabapa ya ubawa yanayoshushwa wakati wa kutua) ndiko kunakoacha flapu juu.

Pana jambo la kwetu ambalo vitabu vya ndege kubwa havilizungumzi. Katika safari zetu za Caravan huweza kutokea mtalii akakalishwa kiti cha mbele, pembeni ya rubani, naye amefurahi na ana masuali mengi. Mpe maelezo yake kabla ya kuwasha injini, kwa upole na kwa ukamilifu: asiguse usukani wala pedali za miguuni, mkoba wake aushike mapajani mbali na wenzo, na asizungumze nawe tangu kuwasha hadi umwashirie, kisha tena utakapoanza kushuka. Marekani iliweka kanuni mwaka 1981 inayowazuia marubani wa mashirika mazungumzo na shughuli zisizohusu kazi chini ya futi 10,000, isipokuwa katika kipindi cha mwendo wa kati, yaani baada ya kupanda na kabla ya kushuka. Sisi safari nzima ya Dar es Salaam huwa chini ya futi hizo, na mwendo wa kati hauchukui hata dakika 10. Ukimwacha mgeni aamue wakati wa kuzungumza, atachagua wakati mandhari inapopendeza, yaani unaposhuka kutua.

Hatua ya tano: Itangulie ndege

Mwaka 1995 mtafiti wa Marekani Mica Endsley aliigawa hali ya kuelewa mazingira katika ngazi tatu: kuona kilichopo, kuelewa maana yake, na kukadiria kitakachofuata. Wanafunzi wengi huishia ya kwanza. Wanasoma kasi, wanasoma mwinuko, wanasoma umbali, na namba hizo zinabaki namba. Rubani huziunganisha kwa hesabu ndogo za kichwani, nazo ni chache kiasi cha kuweza kujifunza zote kwa jioni moja.

Tuchukue kushuka Pemba. Uko futi 5,500, mwinuko unaofaa kwa wanaoruka kwa kuona na kuelekea upande wa mashariki, nao ni maelfu ya witiri kuongeza 500. Unataka ufike futi 1,100 karibu na kiwanja. Zinazopaswa kushushwa ni futi 4,400. Zidisha maelfu kwa tatu: 4.4 mara 3 ni maili 13. Ongeza maili 2 za kupunguza mwendo, basi kituo chako cha kuanza kushuka ni maili 15. Kwa kasi gani? Chukua kasi yako juu ya ardhi, tuseme noti 150, uizidishe kwa tano: futi 750 kwa dakika. Noti 150 ni maili mbili na nusu kila dakika, hivyo una dakika 6 kutoka kituo hicho hadi kiwanjani. Sasa namba hizo zimekuwa ratiba. Unajua kwamba orodha ya kushuka lazima iwe imesomwa kabla ya maili 15, kwamba simu ya redio ya kwanza kwenda mnara wa Pemba iwe imepigwa mapema zaidi, na kwamba upepo wa kusi ukikusukuma kwa nyuma na kasi juu ya ardhi ikawa noti 170, uanze kushuka mapema kidogo, mbali zaidi na kiwanja.

Halafu uliza suali linaloitangulia ndege: katika dakika mbili zijazo nitakuwa wapi na nitakuwa nafanya nini? Kama huna jibu, umeachwa nyuma. Ishara nyingine za kuachwa nyuma ni kushtukizwa na redio, kuomba maelekezo yarudiwe mara mbili mfululizo, kushika usukani kwa nguvu kuliko kawaida, na kukuta unarekebisha kila kitu kwa kuchelewa. Ukiziona, usijaribu kukimbilia. Nunua muda: punguza mwendo, omba kuzunguka juu ya bahari mara moja, au acha kutua na upae upya. Kwa kasi ya noti 120 unakwenda maili 2 kwa dakika, na kwa noti 160 ni zaidi ya maili mbili na nusu. Kupunguza kasi kunakupa sekunde za kufikiri kila dakika, na hakuna anayekulipisha.

Hatua ya sita: Mkiwa wawili, gawaneni macho na semeni

Ndege yenye marubani wawili huwa na mmoja anayerusha na mmoja anayefuatilia. Kufuatilia ni kazi kamili. Anayefuatilia hutazama geji zile zile akiwa na matarajio yale yale, na husema kila anapoona tofauti. Mnapokabidhiana ndege, mmoja aseme amekabidhi na mwengine aseme amepokea, hata kama mnajuana kwa miaka.

Sisi tuna jambo la ziada, nalo ni malezi. Kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa wake kwa shikamoo na kutomkatiza anapozungumza, akipangwa na kapteni aliye sawa na baba yake, huona kasi imeshuka akanyamaza, akidhani mzee ameiona. Adabu hiyo ni njema barazani, lakini chumba cha rubani kinahitaji njia ya kuihifadhi bila kunyamaza. Njia ni kupanda ngazi ya maneno. Kwanza taja namba tu: "Kapteni, noti 85." Namba haimtuhumu mtu. Asipoitikia, taja namba na unachopendekeza: "Kapteni, noti 85 na tuko chini ya mteremko, napendekeza tupae tena." Asipojibu mara ya pili, toa agizo: "Kapteni, paa sasa!" Kapteni mwenye busara humwambia msaidizi wake maneno haya asubuhi, kabla ya safari: ukiona kitu sema, na sitakasirika. Sentensi hiyo moja humfungua kijana mdomo kwa siku nzima.

Hatua ya saba: Kitu kikiharibika, mmoja abaki na ndege

Usiku wa tarehe 29 Disemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa inakaribia kutua Miami pale taa ndogo ya gurudumu la mbele ilipokataa kuwaka. Walipanda futi 2,000, wakaiwasha otopailoti, na wote chumbani wakaingia kwenye shughuli ya taa. Bila ya wao kujua, sehemu ya otopailoti inayoshika mwinuko ilijiachia. Ndege ikashuka polepole gizani. Kengele ya kuonya kwamba wameuacha mwinuko wao ililia mara moja, na hakuna aliyeitikia. Watu 101 walifariki, na taa ile ilikuwa imeungua tu. Miaka sita baadaye, tarehe 28 Disemba 1978, ndege ya United, safari namba 173, ilizunguka karibu na Portland kwa takriban saa nzima huku kapteni akishughulikia tatizo la magurudumu, mpaka mafuta yakaisha. Watu 10 walifariki. Wenzake walikuwa wametaja mafuta, lakini si kwa maneno yaliyopenya.

Katika visa vyote viwili taarifa iliyohitajika ilikuwa ndani ya chumba. Geji ya mwinuko ilikuwa inaonesha, geji ya mafuta ilikuwa inaonesha. Akili iliyobanwa na tatizo moja hujifunga kwenye tatizo hilo, na kinachotangulia kuzibwa mara nyingi ni masikio. Usitegemee basi kwamba utaisikia kengele. Tegemea utaratibu ufuatao.

Kitu kikiwaka au kikilia, kwanza usiguse chochote, isipokuwa kama kitabu kinataka hatua ya papo hapo, kama ilivyo kwa moto au injini kuzima. Sawazisha ndege, tazama upeo bandia, kasi na mwinuko. Pili, sema kwa sauti nani anarusha. Ukiwa peke yako, jiambie mwenyewe: narusha. Tatu, anzisha saa. Suali lolote utakalolishughulikia lipewe dakika zake, na dakika hizo zikiisha urudi kwenye mafuta na mahali ulipo kabla ya kuendelea. Nne, taja tatizo kwa unachokiona, si kwa unachokidhani. "Shinikizo la oili limeshuka" ni taarifa. "Geji imekufa" ni uamuzi uliochukuliwa mapema mno. Tano, tafuta geji ya pili inayoweza kukubali au kukataa maneno ya ya kwanza: oili ikipungua kweli, joto lake nalo litabadilika. Ndipo ufungue orodha ya dharura na kuisoma.

Jifunze pia namba mbili kwa kila kipindi cha safari: mkao wa pua na kiasi cha nguvu. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France, safari namba 447, ilipoteza vipimo vyake vya kasi juu ya Atlantiki baada ya mirija ya kupimia kuziba kwa barafu, na watu wote 228 waliokuwamo walifariki. Kwetu barafu si tatizo la futi 5,500, lakini mdudu aliyejenga ndani ya mrija wa kupimia kasi ni jambo la kawaida kwenye viwanja vya pwani. Anayejua kwamba ndege yake, ikiwa imekaa hivi na nguvu ni hii, hukaa karibu na noti kadhaa, anaweza kurudi Unguja bila geji ya kasi. Asiyejua ataufuata mshale unaodanganya.

Hatua ya nane: Usiku, usiusikilize mwili

Ukipaa usiku kwa njia ya 18, taa za Chukwani zikikwisha, mbele pana bahari nyeusi. Ndege inapoongeza mwendo, sikio la ndani huupeleka ubongoni ujumbe kwamba pua imepanda mno, na mkono hutamani kuishusha. Weka macho kwenye upeo bandia kabla taa hazijapotea, na uendelee kupanda kwa mkao uliouchagua. Ukirudi kutua kwa 36 kutoka baharini hali ni ya kinyume: taa za njia zinaonekana peke yake juu ya giza, nawe unajiona uko juu kuliko ulivyo. Kagua kwa namba. Mteremko wa kawaida ni futi 300 kwa kila maili, hivyo maili 4 iwe futi 1,200, maili 3 iwe 900, maili 2 iwe 600.

Hatua ya tisa: Zoeza kichwa bila kuwasha injini

Mazoezi ya mpangilio huu hayahitaji mafuta ya ndege. Chapisha picha ya ubao wa geji za ndege yako kwa ukubwa wake halisi, ibandike ukutani, weka kiti cha plastiki mbele yake, barazani au chumbani, na uiruke safari ya Pemba kwa dakika zake 30 kamili, ukitaja kwa sauti unachokitazama na unachokitarajia. Mpe ndugu yako karatasi yenye maelekezo ya mnara akusomee ghafla, hasa pale unaposoma orodha, nawe uandike na kurudisha. Atacheka mwanzoni. Mwambie aendelee, na asikwambie mapema ni lini atabadilisha njia ya kutua.

Baada ya kila safari ya kweli, kabla hujashuka kwenye ndege, andika mistari mitatu: nilishtukizwa wapi, nilisahau nini mpaka nikakumbushwa, na ni kazi gani niliyoifanya hewani ambayo ingewezekana kufanywa chini. Mstari wa tatu ndio wenye faida zaidi, kwa sababu kila kinachoandikwa hapo kinahamia kwenye karatasi ya maandalizi ya safari inayofuata. Daftari ligawe kwa njia, ukurasa wa Pemba mbali na wa Dar es Salaam, na ndani ya ukurasa wa Pemba utenganishe kusi na kaskazi.